Nani Aliuliza? Kusema na Kunyamaza katika Riwaya Mbili za Gaël Faye

Muhula uliopita, katika kipindi cha fasihi simulizi, mwalimu wetu aliandika ubaoni methali moja: Mficha maradhi kifo humuumbua. Akatuuliza kama methali hiyo inahusu pia maradhi yasiyoonekana, yale ambayo mzazi huyabeba moyoni na mtoto akayarithi. Darasa lilikubaliana haraka. Karibu wote walisema kwamba familia zetu hapa Rwanda zinaumwa kwa sababu wazee wamenyamaza, na kwamba siku watakapofungua vinywa watoto watapona. Mimi sikunyoosha mkono. Nyumbani kwetu yuko aliyenyamaza na yuko aliyesema. Aliyenyamaza ni mama. Aliyesema ni bibi. Na kama kuna jambo linaloniamsha usiku hadi leo, nililipata kwa bibi.

Makala haya ni jibu ambalo sikulitoa siku ile. Nitalitafuta katika riwaya mbili za Gaël Faye, mwandishi aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982 kwa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda. Ya kwanza ni Petit Pays, iliyotoka mwaka 2016 na kupata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari nchini Ufaransa. Ya pili ni Jacaranda, iliyotoka mwaka 2024 na kupata tuzo ya Renaudot. Zote mbili zimeandikwa kwa Kifaransa. Wahakiki wengi huzisoma kama riwaya za historia. Mimi nitazisoma kama riwaya za nyumbani: nani anamwambia nani, saa ngapi, na je, huyo anayeambiwa aliuliza?

Kwanza nieleze istilahi. Katika Kiswahili tuna neno kiwewe. Katika Kinyarwanda, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, neno lililoenea ni ihahamuka, linalobeba picha ya mtu aliyekatika pumzi kwa hofu. Ninaposema kiwewe cha kurithi nina maana ya hofu ya mtu aliyekuwepo inayokaa katika mwili wa mtu ambaye hakuwepo. Mimi nimezaliwa miaka kumi baada ya 1994. Sikuona kitu. Hata hivyo, nikilala ugenini huanza kwa kutafuta mlango wa pili.

Petit Pays inasimuliwa na Gabriel, anayeitwa pia Gaby, mvulana wa Bujumbura ambaye baba yake ni Mfaransa na mama yake, Yvonne, ni mkimbizi kutoka Rwanda. Yvonne alivuka mpaka mwaka 1963 akiwa mtoto mdogo. Kwa hiyo, kabla ya 1994 kufika, tayari nyumba hii ina jeraha la kizazi kilichotangulia: bibi na mama wa bibi wanaishi ukimbizini wakiikumbuka nchi ambayo Gaby haijui. Sehemu kubwa ya riwaya ni ya utoto mtamu: maembe ya kuiba, marafiki wa mtaani, gari bovu wanalolifanya kambi yao. Kisha vita vinaingia Burundi, mauaji yanatokea Rwanda, na Yvonne anakwenda kuwatafuta jamaa zake. Katika nyumba ya shangazi Eusébie, Kigali, anakuta miili ya watoto. Anarudi Bujumbura akiwa mtu mwingine.

Hapa ndipo mahali ninapotaka kupachunguza, na ni kurasa chache tu. Yvonne anaanza kuingia usiku katika chumba cha watoto na kumwamsha Ana, dada mdogo wa Gaby. Anamsimulia alichokiona: watoto wale, na madoa ya sakafuni aliyoyasugua bila kutakata. Anarudia usiku baada ya usiku. Gaby anasikia kutoka kitandani kwake na hawezi kufanya lolote.

Tukiipima sehemu hii kwa kanuni ya darasa letu, Yvonne anafanya jambo jema. Hafichi maradhi. Anasema, tena anasema kila kitu. Lakini hakuna msomaji anayeweza kusoma kurasa zile akaona tiba. Yvonne hapungukiwi na chochote kwa kusema. Kesho yake anarudi na maneno yaleyale. Na Ana hapokei historia ya ukoo wake; anapokea miili. Mtoto amegeuzwa shimo la kumwagia maji machafu ambayo mtu mzima hakupata pa kuyamwaga.

Naielewa sehemu hii kuliko ninavyopenda. Nilikuwa na miaka tisa nikilala kitanda kimoja na bibi. Kila Aprili taa ikishazimwa alianza kunitajia majina ya ndugu zake, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila jina mahali alipouawa na namna alivyouawa. Sikuuliza. Nilijifanya nimelala, naye aliendelea. Simlaumu. Sasa ninaposoma Petit Pays naona kwamba bibi hakuwa akizungumza na mimi. Alikuwa akizungumza na giza, na mimi nilikuwa ndani ya giza hilo.

Faye anatuonyesha mavuno ya usimulizi huo katika miaka ya baadaye. Gaby mtu mzima, anayeishi karibu na Paris, hawezi kuacha kuiwaza Burundi, anataka kurudi. Ana hataki hata kuisikia ikitajwa. Watoto wawili wa nyumba moja, mmoja amefungwa na kumbukumbu, mwingine ameikimbia. Baadhi ya wasomaji humwona Ana kama mtu aliyesahau kwao. Mimi naona kinyume chake. Ana ndiye aliyebebeshwa zaidi kuliko wote, na kukataa kwake ndiyo njia pekee aliyobakiwa nayo ya kuutua mzigo.

Hata hivyo, hapa nina lawama kwa mwandishi. Ana ndiye mrithi mkuu wa kiwewe katika riwaya hii, lakini ndiye anayesema kidogo kuliko wote. Kwa kuwa msimulizi ni Gaby wa nafsi ya kwanza, usiku wa Ana tunausikia kupitia masikio ya kaka yake. Hatujui alifikiri nini mama alipoondoka chumbani. Hatujui kama alilala. Inawezekana mwandishi aliona kwamba kumsemea Ana kungekuwa kumwamsha tena. Lakini inawezekana pia kwamba fasihi yetu ya kumbukumbu imezoea kumpa nafasi aliyeshuhudia, na aliyerithi akaachwa pembeni kama msikilizaji asiye na jina. Mwishoni Gaby anarudi Bujumbura na kumkuta mama yake katika baa ya gizani. Yvonne hamtambui. Anamwita kwa jina la Christian, mmoja wa wale watoto waliouawa. Kwangu hiyo ndiyo picha kali zaidi ya kiwewe cha kurithi katika riwaya nzima: mtoto aliye hai anaitwa kwa jina la marehemu, na hana nafasi ya kujibu kwa jina lake.

Baada ya Petit Pays mtu angeweza kusema: basi, heri kunyamaza. Jacaranda inalijibu wazo hilo. Msimulizi wake ni Milan, kijana aliyekulia Versailles, ambaye mama yake, Venancia, ni Mnyarwanda. Venancia hasemi lolote juu ya nchi yake. Milan anaiona Rwanda mara ya kwanza katika televisheni mwaka 1994, na muda mfupi baadaye mtoto mmoja aliyejeruhiwa, Claude, analetwa nyumbani kwao. Milan anampenda kama ndugu. Siku moja Claude anaondolewa, amerudishwa Rwanda, na hakuna maelezo ya kutosha. Milan anauliza. Mama hajibu. Anauliza tena kwa miaka mingi, na kimya ni kilekile.

Kimya hiki nacho kinarithisha. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya cha Venancia unasikika katika maisha yote ya Milan: anakuwa mtu wa kwenda na kurudi, kila mara akiitafuta Rwanda kwa watu wengine kwa sababu hakuipata kwa mama yake. Gaby alijua mengi kuliko umri wake. Milan anajua machache kuliko umri wake. Wote wawili wanafika utu uzima wakiwa wanazunguka nyumba ambayo hawana ufunguo wake.

Kuna jambo ambalo huonekana pale tu riwaya hizi mbili zinaposomwa pamoja. Katika Petit Pays kuna Eusébie, mama wa watoto wanne, mkazi wa Kigali. Katika Jacaranda pia kuna Eusébie wa Kigali, aliyepoteza watoto wanne mwaka 1994. Ni kama mwandishi amerudi katika nyumba ileile aliyoiacha miaka minane nyuma na kufungua mlango mwingine. Mara ya kwanza habari za nyumba hiyo zilifikishwa na mtu aliyekuja kutafuta akakuta miili, na zikafikishwa kwa mtoto, usiku. Mara ya pili Eusébie mwenyewe anasema. Anasema mchana, siku ya kumbukumbu, mbele ya watu wazima waliokuja kwa hiari yao kusikiliza. Habari ni ileile. Kilichobadilika ni mahali, saa na masikio. Kwa maoni yangu tofauti hiyo ndiyo hoja kuu ya kazi ya Faye, ingawa yeye mwenyewe haitamki popote.

Kabla sijaendelea kwa Stella, nataka kurudi kidogo katika fasihi ya Kiswahili, maana kuna njia ya tatu ya kurithisha ambayo Faye haigusi sana. Mwaka wa kwanza tulisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971, yenye mandhari ya Ukerewe. Zakaria, baba mlevi, anamkuta bintiye Rosa na barua ya mvulana na kumpiga vibaya. Darasani tulijadili malezi, elimu na maadili. Leo nikiirudia naona kwamba Zakaria hana maneno kabisa. Hofu yake juu ya binti, aibu yake juu ya ulevi wake, vyote vinatoka kwa fimbo. Rosa anabaki na hofu bila kupewa sababu yake, na hofu isiyo na sababu haina mahali pa kuishia: kwanza anawaogopa wavulana wote, kisha, akiwa mbali na nyumbani, hana chochote cha kumwongoza isipokuwa kuivunja ile amri ya fimbo. Hakuna vita katika Rosa Mistika. Lakini mwendo ni uleule: mzazi anaukabidhi mzigo wake kwa mtoto, na mtoto anadhani ni wake tangu kuzaliwa. Methali ya kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka inatufundisha kudhani hivyo. Rosa hakuzaliwa na hofu ya Zakaria. Alipewa.

Sasa Stella. Katika Jacaranda yeye ni binti wa Eusébie, aliyezaliwa baada ya mauaji, katika nyumba ambayo kabla yake kulikuwa na watoto wanne. Rafiki yake ni mti wa jakaranda ulio nyumbani kwao. Msimulizi wake ni Rosalie, kikongwe wa ukoo; Stella ni kitukuu chake. Rosalie anampa Stella historia kwa mpangilio tofauti na ule wa Yvonne. Yvonne alianzia kwenye miili na hakutoka hapo. Rosalie anaanzia mbali, enzi za wafalme, enzi za wakoloni, ukimbizini, na mauaji yanafika mahali pake katika mstari mrefu wa maisha. Mtoto anapata kujua kwamba ukoo wake ulikuwa na harusi, ng'ombe, nyimbo na ugomvi wa kawaida kabla ya kuwa na waliouawa. Na Stella anataka kusikia. Anakwenda kuketi kwa kikongwe kwa miguu yake mwenyewe.

Ndiyo maana nasema swali la darasa letu lilikuwa nusu ya swali. Ukiwaweka watoto hawa watatu pamoja unaona wazi. Ana hakuuliza akaambiwa yote. Milan aliuliza hakuambiwa kitu. Stella aliuliza akaambiwa kidogo kidogo, na mtu ambaye hakuwa akimtaka ambebee mzigo. Kusema au kunyamaza si kipimo. Kipimo ni kama neno limefuata swali la mtoto au limefuata maumivu ya mkubwa.

Mtu anaweza kunipinga kwa riwaya hiyohiyo: mbona Stella naye anaumwa? Ni kweli. Mti wake unapokatwa, Stella anavunjika na kuhitaji matibabu hospitalini. Kusimuliwa vizuri hakukumkinga. Nadhani hapa Faye ni mkweli kuliko vitabu vingi vinavyotuahidi kuuvunja mnyororo kwa siku moja. Mtoto aliyezaliwa katika nafasi ya watoto wanne waliokufa atakuwa na maumivu, awe amesimuliwa au la. Tofauti ni kwamba Stella anajua anamlilia nani. Ana, mbali kule Ulaya, hawezi hata kusikia jina la nchi.

Jambo hili halimo vitabuni tu. Nchini kwetu, mwaka 2005, huko Byumba, kaskazini, ulianza mpango unaoitwa Mvura Nkuvure, maneno yanayomaanisha nitibu nikutibu. Kundi huwa na watu kati ya 10 na 15, majirani watu wazima, wanaokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 15. Hawaanzi na ushuhuda. Huanza na usalama, kisha kuaminiana, na kumbukumbu huja baadaye sana. Ni mpangilio wa Rosalie, siyo wa Yvonne. Na hakuna mtoto katika duara. Mtu mzima anapata kwanza mahali pa kuulaza mzigo miongoni mwa wenzake, ili akirudi nyumbani asimwamshe Ana.

Nisiisifu Jacaranda kupita kiasi. Kwa kuwa Milan ni mtu wa kuuliza, wahusika wengi wanageuka kuwa wajibu maswali, na mara kadhaa wanazungumza kama kitabu cha historia. Sauti ya Rosalie na sauti ya Eusébie zinakaribiana mno. Petit Pays, ambayo haielezi sana, inauma zaidi. Lakini naona pia sababu ya kasoro hiyo: mwandishi aliyewahi kuonyesha neno linavyojeruhi alikuwa mwangalifu sana mara ya pili, na uangalifu hupunguza moto wa lugha.

Nimeulizwa na rafiki kwa nini naandika haya kwa Kiswahili wakati vitabu ni vya Kifaransa na maisha ni ya Kinyarwanda. Bibi alinisimulia kwa Kinyarwanda. Maneno yale siwezi kuyatumia darasani bila kusikia sauti yake. Kifaransa nilikisomea vitabu hivi tu. Kiswahili nimekijia nikiwa mkubwa, nikakichagua mwenyewe, na neno kiwewe nililikuta katika kamusi kabla ya kulikuta katika mwili. Katika lugha hii naweza kusimama hatua moja nyuma na kuangalia.

Nimalizie nilikoanzia. Nina mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 10. Bibi alifariki kabla yeye hajaanza kuongea, na mama hajawahi kumwambia neno. Hata hivyo kila usiku, kabla ya kulala, anakwenda kugusa komeo la mlango mara mbili, kama mama, kama mimi. Amerithi kwa macho tu. Miezi michache iliyopita aliniuliza: "Dada, kwa nini tunafunga mara mbili?"

Nilijua majina yote. Nilijua mahali na namna. Niliyahisi mdomoni, yakiwa tayari, na nikatambua kwamba bibi alijisikia hivi hivi. Nikamwambia, "Twende tukamuulize mama. Nitakaa na wewe."

Mama, ambaye mwaka jana alianza kwenda katika kundi la majirani la namna niliyoieleza, aliacha kuchambua maharage. Akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Nilipokuwa na umri kama wako niliogopa sana usiku, mwanangu. Bado mkono wangu unakumbuka. Ukitaka kujua zaidi, utaniuliza tena."

Mdogo wangu alisema, "Sawa, mama," akarudi kwenye daftari lake la hesabu. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kusikia mama akisema neno kuhusu utoto wake, na nilikuwa na miaka 21. Mtoto bado hajauliza tena. Mlango bado tunaufunga mara mbili.